Nimeazima Tu

Jua lilikuwa linazama Lewisville niliporudi ofisini kuchukua chaja yangu. Yangu, nasema. Niliinunua mwenyewe, ikaishia kwenye droo ya Truphosa. Ofisi yetu hutuma wauguzi majumbani, na Truphosa ndiye hupokea simu. Akiona kalamu yako, sweta yako, hata chapati yako kwenye friji, anabeba. Ukimuuliza, anacheka: "Wacha makasiriko, Moraa. Nimeazima tu."

Sina shule nyingi, lakini Kiswahili nakijua. Kuazima ni kuomba. Usipoomba, umeiba. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, wakaniona mkorofi. Sawa.

Wiki ile Truphosa hakupokea simu. Sauti ilikuwa imempotea. Si mafua, koo halikumuuma; alifungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Bosi alikuwa ameshasema isiporudi kufikia Ijumaa, kazi ya simu atapewa mtu mwingine. Ruhusa ya kufungua droo Truphosa alinipa kwa ujumbe.

Nilipofungua mlango nikanusa moshi wa kuni.

Ghorofa ya pili. Texas. Kuni?

Kisha kijiko… kling… kling… kikikoroga kikombe. Na sauti, kule kwenye giza:

"Karibu, Moraa."

Ilikuwa ya Truphosa.

Kwenye kiti chake kulikuwa na mtu kajitanda kitenge. Uso sikuuona. Droo ilikuwa wazi, na mezani kikombe cha bati chenye ua jekundu. Nilikijua. Kilikuwa cha Bernadette, Mkongo tuliyefanya naye kazi kabla hajahamia Houston. Kabla ya kuhama alikitafuta siku nzima akilia, maana alipewa na koko yake, bibi yake. Truphosa alimsaidia kutafuta.

"Hiyo sauti si yako," nikasema. 

"Nimeazima tu."

Nikakumbuka jambo. Hirizi nayo huitwa azima. Neno ni hilo hilo.

"Uliomba? Hukuomba. Basi wewe na Truphosa ni wezi, hakuna mwenye nafuu. Kikombe nakipeleka kwa mwenyewe. Na wewe rudisha sauti ya watu. Ukitaka kitu cha mtu, unaomba kwanza."

Kijiko kikasimama.

"Unaomba… kwanza," ikarudia polepole, kama mtoto anayefundishwa.

Kiti kikawa kitupu.

Nilikipeleka Houston mwenyewe. Bernadette alikipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia pole, nadhani koko yake alikuja kukidai. Akanitazama.

"Koko yangu iko muzima, iko Bukavu. Ule mutu mwingine, mi simujue."

Alhamisi Truphosa aliongea tena. Neno kuazima halimtoki siku hizi, na chapati zangu zinakaa salama.

Lakini jua likizama, nikiwa nazima taa, kuna anayeninong'oneza sikioni, kwa adabu kabisa:

"Dada Moraa, naomba uniazime macho yako."

"Sikuazimi." Nachukua mkoba, naenda zangu. Anayeomba anaweza kunyimwa, simwogopi.

Ila juzi tumeletewa msichana mpya, Whitney. Mpole, hajui kumnyima mtu kitu. Jana jioni nilimwacha peke yake mezani, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa niliponusa moshi. Nikamsikia Whitney akicheka kidogo, akimjibu mtu:

"Sawa tu, chuku…"

"Whitney! Funga mdomo!"

Nikafunga mlango kwa ndani. Haondoki na kitu cha Whitney, huyo.