Mayai ya Nyumbani

Asubuhi ile Fundi Rangi alikaa mezani, akavuta kikombe chake cha chai, akaitazama sahani. Juu yake palikuwa na vipande viwili vya mkate. Akaviinua kimoja kimoja na kuchungulia chini yake, kama mtu aliyedondosha ufunguo.

"Unatafuta nini?" mkewe akamuuliza.

"Yai," akasema. "Tuna kuku kumi na wanne. Wanapiga kelele tangu alfajiri. Lakini mwezi mzima sijaona yai kwenye sahani hii. Au siku hizi wanataga mawe?"

Binti yao akacheka mpaka chai ikampalia.

"Mayai yameingia kwenye keki," mkewe akajibu. "Vumilia kidogo, baba. Biashara inakua."

Mke wa Fundi Rangi alikuwa akioka keki nyumbani, na mtaa mzima ulimwita Mama Keki. Keki zake zilikuwa laini, zimeiva mpaka katikati, na hazikunuka yai. Keki ya kilo moja aliiuza elfu kumi na tano. Keki ndogo za vikombe aliuza mia nne kila moja. Bei hizo hakuzipigia hesabu. Alisikia kwamba mwanamke wa mtaa wa pili anauza elfu kumi na sita, yeye akapunguza elfu moja ili wateja waje kwake. Wakaja kweli. Walikuja mpaka akakosa muda wa kukaa.

Kabla Fundi Rangi hajamaliza chai, moto wa jiko la kuokea ukazimika. Gesi ilikuwa imekwisha. Ndani mlikuwa na keki iliyoinuka nusu. Ikatulia kidogo, kisha ikabonyea katikati kama kofia iliyokaliwa na mtu mnene.

Fundi Rangi hakupiga kelele. Angepiga kelele, ingekuwa nafuu.

"Huu ni mtungi wa pili mwezi huu," alisema polepole. "Lile jiko nililinunua kwa malipo ya ghorofa nzima niliyoipaka rangi. Nilisema litatulisha. Sasa sisi ndio tunalilisha. Mwisho wa mwezi, kama halijanunua gesi yake lenyewe, naliuza. Mwenye hoteli pale kona ameshaniuliza bei mara mbili."

Akachukua brashi zake, akaenda kazini.

Mama Keki alibaki ameshika mlango wa jiko. Kabla ya jiko hilo alikuwa akifulia watu nguo. Alifua miaka sita. Vidole vyake vilikuwa ndiyo kwanza vinapona nyufa za sabuni. Jiko likienda, anarudi kwenye beseni.

"Nimesikia yote," sauti ikasema dirishani. "Ukuta wetu ni mwembamba."

Alikuwa jirani yao, mama mshonaji. Futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake hata akienda sokoni, kwa hiyo watu walimwita Mama Futi.

"Sielewi, jirani," Mama Keki akasema. "Faida naiona kwa macho yangu! Kwa keki moja nanunua unga, siagi, maziwa na vanila, na vitu vya kupambia. Jumla elfu tisa na mia sita. Nauza elfu kumi na tano. Si inabaki elfu tano na mia nne?"

"Na mayai?"

"Mayai ni ya nyumbani."

"Sukari?"

"Ya nyumbani. Nachota kwenye kopo letu."

"Gesi?"

"Gesi si ile ile ya nyumbani?"

"Maboksi ya kufungia keki?"

"Baba watoto huninunulia akipita mjini."

"Na mikono inayokoroga?"

Mama Keki akaitazama mikono yake. "Sasa mikono nayo ni ya nani? Si yangu?"

"Kumbe," Mama Futi akasema. "Na yenyewe ni ya nyumbani." Akaivuta futi yake shingoni, akafikiri. "Kesho nataka keki ya kilo moja. Ila usininunulie kitu. Hata chumvi."

Kesho yake Mama Futi aliingia na kapu kichwani na mtungi mdogo wa gesi mkononi. Akapanga vitu mezani: unga, sukari, siagi, mayai sita, maziwa, vanila, unga wa kuumulia, sukari laini ya kupambia, na boksi lenye kadibodi yake.

"Umehama kwako?" Mama Keki akamuuliza.

"Mtu akija kwangu na kitambaa chake, uzi wake na vifungo vyake, namtoza ufundi tu. Leo mimi nimekuja na kitambaa changu. Oka, halafu unitoze ufundi."

Mama Keki akaoka. Alipepeta unga, akakoroga siagi na sukari mpaka zikawa nyeupe, akavunja mayai moja moja. Akaoka, akasubiri keki ipoe, akaipamba, akaosha vyombo. Mama Futi alikaa kwenye kigoda akitazama saa ya ukutani. Kazi ilichukua saa tatu kamili.

"Haya," Mama Futi akasema. "Nitoze."

Mama Keki akakuna kichwa. "Kwa kawaida ni elfu kumi na tano."

Mama Futi akatoa chaki yake ya kuchorea nguo. Akachukua sinia jeusi la kuokea, akaligeuza, akaanza kuandika mgongoni mwake.

"Unga elfu moja na mia mbili. Sukari elfu moja. Siagi elfu tatu. Mayai sita, mia nne kila moja, elfu mbili na mia nne. Maziwa, vanila na unga wa kuumulia, elfu moja na mia nne. Vya kupambia elfu nne. Boksi na kadibodi elfu mbili. Huu mtungi mdogo ni elfu kumi na nane, na wewe umeniambia mmoja kama huu unaoka keki kumi na mbili. Kwa hiyo gesi ya keki moja ni elfu moja na mia tano. Jumlisha."

Mama Keki akajumlisha. Akarudia. Akajumlisha kuanzia chini kwenda juu, labda jibu litabadilika.

"Elfu kumi na sita na mia tano," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimetumia hizo kabla hujawasha jiko. Bei yako ni elfu kumi na tano. Basi nirudishie elfu moja na mia tano, nichukue keki yangu niende."

"Nikuokee, halafu nikulipe?"

"Si ndivyo unavyowafanyia watu wote? Tofauti ni kwamba mimi nimekwambia."

Mama Keki alikaa chini. Aliwakumbuka wateja wote wa mwezi ule, jinsi walivyomshukuru, jinsi walivyomwita mwenye mkono wa baraka. Kila mmoja alikuwa ameondoka na keki, na mayai ya Fundi Rangi juu.

"Sikiliza, mwenzangu," Mama Futi akasema, na safari hii hakutania. "Yai likitoka kwa kuku wako, bado ni yai. Ungeliuza, ungepata mia nne. Unga haujui kama umeingia nyumbani au kiwandani. Kila kinachoingia kwenye keki kina bei yake, hata kama hukukinunua leo. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Sasa mikono. Ulipokuwa unafua, ulilipwa ngapi kwa siku?"

"Elfu kumi na sita, kwa saa nane za kazi."

"Elfu mbili kwa saa. Leo umefanya kazi saa tatu."

"Elfu sita," Mama Keki akasema. Akaongeza kwenye sinia mwenyewe. "Elfu ishirini na mbili na mia tano."

"Bado. Masinia yanachakaa. Mashine ya kukorogea itaungua siku moja. Keki nyingine itabonyea, kama ile ya jana. Nani atalipa? Weka elfu mbili na mia tano za biashara yenyewe. Hizo usile. Ni za jiko."

Mama Keki akaandika. Elfu ishirini na tano.

Wakapiga na hesabu ya keki ndogo. Dazeni moja, vitu vyake pamoja na gesi vilikuwa elfu sita. Kazi saa moja, elfu mbili. Ya biashara, elfu moja. Jumla elfu tisa, yaani mia saba na hamsini kila moja. Alikuwa akiuza mia nne.

"Watakimbia!" Mama Keki akasema.

"Wengine watakimbia. Wale wanaokula mayai ya kuku wako bure watatafuta kuku wengine. Nawe uoge, upumzike."

Mama Futi akalipa keki yake bila kuombwa: elfu sita za ufundi, na elfu mbili na mia tano za jiko. Mama Keki akazishika zile noti kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga.

Siku hiyo hiyo akaandika bei kwenye kadibodi, akaibandika ukutani. Juma la kwanza wateja wawili walikunja uso, wakaondoka. Wanne walibaki. Kwa mara ya kwanza aliwaokea wachache, akabaki na fedha nyingi. Lakini mtihani wenyewe ulikuwa njiani, na ulikuja bila kubisha hodi.

Ulikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Fundi Rangi. Aliingia siku ya mapumziko, sauti yake ikimtangulia.

"Wifi yangu kipenzi! Mwanangu anaolewa juma lijalo. Nataka keki ya kilo tatu, na keki ndogo mia moja na ishirini. Nimekuja na elfu themanini taslimu!"

Fundi Rangi alikuwa kwenye kiti. Akainua macho, akaanza kukagua rangi ya dari.

Mama Keki alikausha mikono kwa aproni. Huyu hakuwa mteja wa kukunja uso na kuondoka. Huyu angerudi kila sikukuu na kila msiba.

"Hongera sana, wifi," akasema. "Keki ya kilo tatu ni elfu sabini na tano. Ndogo ni dazeni kumi, elfu tisini. Jumla elfu mia moja sitini na tano."

Wifi akashika kiuno.

"Mia na ngapi?" wifi akauliza. "Kwa keki ya nyumbani? Kaka, unamsikia mkeo?"

"Namsikia," Fundi Rangi akaiambia dari. "Mimi mwenyewe naogopa kumwomba yai."

"Mimi ni ndugu! Mimi ndiye niliyekuvisha kilemba siku ya harusi yako!"

"Na kilikaa vizuri, wifi," Mama Keki akasema. Hakupandisha sauti, na bei hakuishusha. "Kwa kuwa ni ndugu, nitakupa njia nyingine. Lete vitu vyote mwenyewe. Unga, mayai, siagi, maboksi, gesi, kila kitu. Mimi nitakutoza ufundi na uchakavu wa vyombo. Elfu hamsini na tano na mia tano."

Uso wa wifi ukang'aa. "Kumbe! Si ungesema mapema? Nipe orodha."

Akaondoka mbio, kanga ikipepea nyuma. Fundi Rangi akamtazama mkewe. "Umemtuma wapi dada yangu?"

"Shuleni," Mama Keki akajibu.

Wifi alirudi baada ya saa tatu. Kanga ilikuwa imelowa jasho. Mkononi alibeba trei mbili za mayai, na trei ya chini ilikuwa ikidondosha ute.

"Maji," akasema. Akanywa, akashusha pumzi. "Siagi peke yake elfu ishirini na tano! Maboksi sikujua kama yanauzwa, nilidhani yanakuja na keki! Nimezunguka maduka saba. Nimenunua haya mayai sitini tu, nikapanda pikipiki, yule dereva akaruka tuta kama mbuzi. Wifi, weka bei yako. Miguu inaniuma."

Mama Keki hakucheka. Aliyahesabu mayai mbele yake. Kumi na moja yalikuwa yamepasuka.

"Mazima ni arobaini na tisa. Kwa mia nne ni elfu kumi na tisa na mia sita. Nakukatia. Utalipa elfu mia moja arobaini na tano na mia nne. Hiyo ndiyo bei. Na zawadi ni kitu kingine: dazeni moja juu, kwa bibi harusi, kutoka kwangu. Hiyo naijua imenigharimu nini, na natoa kwa moyo mweupe."

Wifi akafungua pochi, akatanguliza elfu themanini zake mezani. "Zilizobaki nalipa siku ya kuchukua. Na haya yaliyopasuka?"

"Hayo," Mama Keki akasema, "ndiyo ya nyumbani."

Akaweka kikaango jikoni. Fundi Rangi alikuwa ameshahamia mezani na uma mkononi.

Siku ya harusi masinia yalirudi matupu. Mgeni mmoja aliuliza nani kaoka keki ile. Wifi akajibu kabla ya mtu yeyote: "Ni wifi yangu! Na usijaribu kupunguziwa bei. Mimi ndugu yake nimelipa yote, sembuse wewe!" Jioni hiyo Mama Keki aliondoka na oda tano.

Siku ya mwisho ya mwezi, mwenye hoteli ya pale kona alikuja na mkokoteni na kamba, tayari kubeba jiko. Alimkuta Fundi Rangi mezani, yai moja mdomoni, jingine kwenye sahani. Karibu na jiko ulisimama mtungi mpya wa gesi. Mama Keki alikuwa ameununua kwa fedha za keki, na zilizobaki zilikuwa kwenye kopo la jiko.

"Nimekuja kuchukua jiko," mwenye hoteli akasema.

Fundi Rangi akatafuna taratibu. Akameza.

"Rafiki yangu," akasema, "umeshaona wapi mwanaume mwenye akili akauza jiko lake?"

Mama Keki akaangua kicheko. Upande wa pili wa ukuta mwembamba, cherehani ikasimama, na Mama Futi naye akasikika akicheka. Mwenye hoteli alisimama kidogo na kamba yake mkononi. Kisha akasogea ukutani, akaisoma ile kadibodi, akaagiza keki ndogo dazeni mbili za hotelini kwake.

Alilipa elfu kumi na nane, akazibeba kesho yake kwa mkokoteni ule ule.