Niliandika Hofu Yangu, Wakamchukua Mwanangu

Nina umri wa miaka arobaini na saba, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Songea. Ninayoyaandika leo sijawahi kuyasema mbele ya watu. Ndugu msomaji, usinihukumu kabla hujafika mwisho.

Nilimzaa Imelda nikiwa na miaka ishirini na sita. Tulikuwa tumepanga Mfaranyaki, nyumba yenye kisima uani. Mume wangu alipunguzwa kazi kiwanda chao kilipouzwa, akaingia kwenye mitumba kama wanaume wengi wa miaka ile. Wiki nzima yuko Makambako, anarudi siku mbili, anaondoka tena. Nikabaki mimi na mtoto.

Mtoto alipofika wiki ya tano ndipo lilipoanza. Nilikuwa nachota maji, Imelda mgongoni, na wazo likanijia wazi kabisa... mtupe. Sikuwa na hasira naye. Nilimpenda kuliko pumzi yangu! Nikaiachia kamba, ikazama pamoja na ndoo.

Tangu siku hiyo niliogopa mikono yangu mwenyewe. Nikaogopa kisima, nikaogopa kisu cha jikoni, nikaogopa hata beseni la kumwogeshea. Akilala, nilimweka katikati ya kitanda, mimi nikakaa sakafuni upande wa pili wa chumba nikimwangalia. Ningemwambia nani? Padri? Majirani? Kwetu mwanamke akitamka neno kama hilo ni mchawi au ni mwendawazimu, hakuna jina la tatu.

Nilimwandikia tu rafiki yangu wa chuo cha ualimu, aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, kwamba silali na naogopa ovyo. Akanijibu kwamba yuko mshauri nasaha mmoja, mama mtu mzima mwenye leseni ya kazi hiyo, anayewahudumia watu wa mikoani kwa barua pepe. Intaneti ndiyo kwanza ilikuwa imeingia mjini kwetu. Palikuwa na kafe moja karibu na stendi, kompyuta nne, foleni mpaka nje.

Sikuwa na anwani. Aliyekuwa nayo ni wifi yangu Dafroza, dada wa mume wangu, aliyekaa Lizaboni. Ukoo mzima tuliitumia hiyo hiyo, na neno la siri tuliliandika kwenye daftari. Hatukuona ajabu. Sanduku la posta la shule si tulilitumia walimu wote?

Katika jibu lake la kwanza mshauri aliniuliza kama kuna mtu mwingine anayefungua anwani ile. Nikamjibu kwamba hakuna. Huo ndio uongo ulioniponza, ndugu zangu. Niliogopa akijua ukweli ataacha kuniandikia.

Basi nikamwandikia yote. Jibu lake lilinitoa machozi pale pale kwenye kiti cha kafe. Alisema yale ni maradhi, yanawapata kina mama wengi baada ya kujifungua, na kwamba anayetishwa na wazo si sawa na anayelitaka. Aliniuliza maswali magumu bila kuniogopa. Alinituma kwa daktari wa hospitali, akanikataza kushinda peke yangu. Kisha kila wiki alinipa kazi ndogo: mwogeshe mtoto jirani akiwepo, wiki inayofuata mwogeshe jirani akiwa uani. Kufikia barua ya sita nilikuwa nalala kitanda kimoja na mwanangu.

Kila jibu nililichapisha kwenye karatasi, nikalisoma njiani, nikifika nyumbani nikalitia motoni. Nikajua limekwisha. Barua ukishaitoa kwenye sanduku, sanduku si linabaki tupu? Hakuna aliyeniambia kwamba za kompyuta hubaki, yako na ya mwenzio, zimepangana.

Jumamosi moja asubuhi nikaona mama mkwe anaingia uani, ametoka Namtumbo. Nyuma yake Dafroza, na nyuma ya Dafroza mume wangu, niliyejua yuko Makambako. Nikapiga goti, nikamwamkia mama mkwe shikamoo. Hakuitikia.

Dafroza alikuwa na karatasi aliyoichapisha kafe kutoka kwenye anwani yake. Alisoma mstari mmoja tu, nilioandika mimi: naogopa siku moja nitamtupa mwanangu kisimani. Nilimsihi asome na majibu ya mshauri.

"Wifi, ulichoandika wewe kinatosha," akasema.

Mume wangu aliniuliza, "Mama Imelda, haya umeandika wewe?"

Nikasema ndiyo. Ningekanaje?

Mama mkwe aliifungua kanga mgongoni kwangu kwa upole, akamchukua mtoto. "Mwanangu, sikuchukii," akaniambia. "Ila huyu simwachi hapa."

Imelda alikuwa na miezi minne, bado ananyonya... Maziwa yalinivimba siku tatu, nikayakamulia chini. Habari zikaenea, na shuleni nikaondolewa darasa la kwanza. Njiani wanawake waliwavuta watoto wao upande wa pili. Hofu yote ikarudi, na sasa sikuwa na wa kumwogopea.

Nilimwungamia mshauri kwamba nilimdanganya. Hakunigombeza. Aliomba kuzungumza na mume wangu, naye akakataa, akasema hawezi kujibizana na mtu asiye na uso. Ndipo yule mama akaandika kwenye karatasi, akatuma kwa posta, na chini yake akatia sahihi na mhuri. Mume wangu aliisoma mara mbili, akapitisha kidole juu ya mhuri. Maneno yalikuwa yale yale aliyoyakataa mwanzo! Kesho yake tukaenda wote kwa daktari, na daktari akamweleza hivyo hivyo.

Lakini mama mkwe hakushawishika haraka. Tulipomrudisha Imelda alikuwa ameshaanza kutembea. Aliniona, akakimbilia kwenye kanga ya bibi yake.

Alikua vizuri, mtoto mtulivu. Kumbe ule mstari mmoja haukufa. Akiwa na miaka kumi na minne, baada ya sherehe ya kipaimara, tukiwa tunaosha vyombo, aliniuliza, "Mama, shangazi anasema ulitaka kunitupa kisimani. Ni kweli?"

Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza. Akasema, "Sawa, mama," akaendelea kusuuza sahani.

Mwezi uliopita Imelda alijifungua mtoto wa kiume. Nilikwenda kwake kumwona. Aliniamkia kwa heshima, akanipa mtoto, nikampakata. Kiti kilikuwepo, lakini hakukaa. Alisimama mlangoni, mikono inachuruzika maji, macho kwenye mikono yangu, mpaka nilipomrudishia mwanawe. Sidhani kama mwenyewe alijua amesimama. Nilimuuliza kama analala vizuri. Akasema analala.

Sikumwamini. Nimemwachia anwani ya mshauri mwingine, maana yule wa kwanza amestaafu.

Wewe uliyejifungua na unaogopa, usikae sakafuni kama mimi. Tafuta mshauri aliyesomea, mwambie yote, na akikuuliza nani mwingine anasoma, mjibu kweli. Fungua anwani yako, usimpe hata dada yako neno la siri. Na wewe uliyeikuta barua ya mwenzio, ama iache, ama isome mpaka mwisho pamoja na jibu lake, kabla hujainuka kwenda kumwita mama mkwe.