Bibi Harusi wa Midomo ya Kijani

"Huyu mwanamke ni nani, Mazengo?"

"Mwanamke gani tena?"

"Huyu niliyemtoa kwenye mfuko wa koti lako! Na shela kavaa!"

Mazengo akaganda mlangoni mwa saluni, begi la safari begani, kaja kuchukua koti alilolisahau jana yake. Wateja wawili waliokuwa chini ya draya wakachomoa vichwa ili wasikie vizuri. Nikafungua kiganja. Mwanamke mwenyewe alikuwa wa plastiki, hafiki hata urefu wa kidole changu cha mwisho, kagandishwa juu ya kizibo cha soda.

Wateja wakaangua kicheko. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Ngoja nikueleze, usije ukaniona kichaa. Mwaka huo, 2004, nilikuwa napaka watu kucha kwenye saluni moja ya Chang'ombe, si mbali na kwetu Mkonze. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la fotokopi la Iddy. Iddy aliwahi kufundishwa hesabu na mwalimu mmoja wa Denmark, na yule mwalimu alipoondoka alimwachia maboksi mawili ya vijisanamu: majitu, mazimwi, wachawi, askari wenye mapanga, na joka moja lenye mabawa. Kila Jumapili baada ya ibada vijana tulijazana pale dukani, tunapanga majeshi mezani, tunarusha dadu, tunapigana vita mpaka jua linazama. Kelele zake we acha tu! Mtu anapiga ukelele kama kafungwa goli, kumbe zimwi lake limeuawa na kibibi chenye fimbo.

Iddy alikuwa na sheria mbili, kazibandika ukutani. Ya kwanza, sanamu isiyopakwa rangi haipandi mezani. Ya pili, hakuna kujipakia shujaa wako mwenyewe, anakupakia mwenzako. Na mpakaji ukishampata ndiyo umempata. Kumpelekea mwingine kazi yako bila kuaga ilikuwa dharau kubwa, watu walinuniana miezi.

Mpakaji mkuu nilikuwa mimi. Niliyezoea kuchora ua kwenye ukucha wa mtoto wa miaka minne, jicho la zimwi litanishinda?

Mazengo alikuwa karani wa masjala kwenye ofisi moja ya serikali, mtoto wa Kibakwe, kule ndani Mpwapwa, mpole, mrefu. Siku ya kwanza alikuja na shujaa wake mkononi, haya imemjaa.

"Dada, nipakie huyu. Joho liwe jekundu."

"Nyekundu zipo nyingi. Chagua."

Akainama juu ya trei yangu ya vichupa, akaweka kidole kwenye kijani kilichokolea. "Hii hapa."

Nikadhani ananichokoza. Nikacheka, nikampakia joho jekundu la damu ya mzee, nikamwekea na kovu shavuni. Alipomchukua alimtazama muda mrefu.

"Dada, huyu anapumua!"

Basi kila wiki akawa anarudi. Mara kovu limefutika, mara upanga umepauka. Wiki ya tisa nikamwambia, "Mbona huyu mtu wako hana tatizo lolote?"

"Shujaa hana tatizo, Zipora. Mwenye tatizo ni mimi."

Nilimpenda palepale. Nilimpenda mpaka nikawa naharibu kucha za watu.

Na siku hii ya ugomvi ilikuwa Ijumaa. Jumamosi yake wazee wake walikuwa wanaleta barua ya posa kwetu Mkonze.

"Nakuuliza tena. Nani amekupakia huyu?"

"Zipo, siwezi kukwambia leo. Subiri kesho."

"Kesho ndiyo unaniposa!"

"Ndiyo maana nasema subiri kesho. Nirudishie, basi."

"Sikurudishii!"

Nje basi la Mpwapwa likapiga honi. Mazengo alikuwa anawafuata wazee Kibakwe, na likimwacha hilo hana jingine. Akaniangalia, akaangalia barabara, akanyakua koti, akakimbia.

Nikabaki na yule bibi harusi. Macho yake makengeza, nyusi moja imepanda mpaka kwenye paji la uso. Na midomo, jamani! Midomo ya kijani, kama kala mchicha mbichi akasahau kufuta mdomo.

"Zipo," ikasema sauti nyuma yangu. "Nisamehe, shoga yangu. Nimempaka mimi."

Alikuwa Elieth, mwenzangu wa saluni. Tulikuwa tunakaa kiti na kiti, tunagawana hata chapati.

"Wewe?"

"Alinijia wiki mbili zilizopita. Akasema mkono wako umekuwa mzito siku hizi. Nilikataa, akanibembeleza. Nikapaka harakaharaka, ndiyo maana kamekaa vibaya."

"Na hii midomo ya kijani?"

Elieth akashusha macho. "Alitaka mwenyewe. Alisema ukinuna unafanana na zimwi."

Moyo ulinilipuka. Wiki ileile kichupa changu cha kijani, kile cha kupakia joka, kilikuwa kimepotea kwenye trei. Nikasema kumbe! Rangi ni yangu, bwana ni wangu, na zimwi linalochekwa ni mimi!

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikaandika ujumbe, vidole vinaruka vitufe:

"Mazengo usije na wazee. Nimejua yote. Nikiulizwa kesho nitasema SIWAJUI."

Haukufika. Kibakwe ya enzi zile, kupata mtandao mpaka upande kilima.

Na neno hilo "siwajui" si la mchezo. Kwetu, kabla barua ya posa haijafunguliwa, baba anamwita binti mbele ya wageni, anamuuliza swali moja tu: unawafahamu watu hawa? Ukisema unawafahamu, barua inafunguliwa. Ukisema huwajui, inarudi ilivyokuja, na ukoo ule hauji tena. Shangazi yangu aliwahi kulitamka, na yule bwana mpaka leo akimwona anavuka barabara. Muoaji mwenyewe anaruhusiwa kuja, ila hafungui kinywa. Anasemewa na mshenga, mwanzo mpaka mwisho.

Usiku nililia mpaka nikasinzia. Asubuhi simu ikalia, namba nisiyoijua:

"Zipo ni mimi Mazengo nimeazima simu yangu imekwisha chaji. Tupo Mpwapwa stendi tunakuja. Nimevaa tai nyekundu kama ulivyonichagulia. Nakupenda."

Nikaifuta. Kisha nikajuta kuifuta, kisha nikakasirika kwa kujuta.

Saa kumi jioni wakafika, wazee wanne wamejaa vumbi la njia nzima, wakakaribishwa kwenye mabenchi uani. Elieth alikuwa kaja mapema "kunishika mkono." Tukawa chumbani tunasikiliza kupitia pazia.

"Usilegee," akaninong'oneza. "Ukisema unawajua, atakudharau maisha yako yote."

"Silegei."

"Neno moja tu, shoga. Siwajui. Basi, limekwisha."

Nje baba yangu, mzee Zablon, akakohoa. "Zipora! Njoo."

Nikatoka, kitenge kichwani, kijisanamu nimekibana kiganjani. Nikapiga magoti, nikawasalimia wote shikamoo. Mshenga wao, mzee Gideoni, akaitikia marahaba kwa sauti ya kwaya.

"Binti yangu," baba akasema, "watu hawa wanasema wana shida na nyumba hii. Unawafahamu?"

Nikainua uso nimtazame Mazengo mara ya mwisho, ili nilitamke neno nikiwa namwangalia machoni.

Alikuwa kakaa mwisho wa benchi, suti nyeusi, viatu vimepigwa kiwi, anatabasamu kwa woga. Na shingoni tai. Nilikuwa nimemwambia anunue nyekundu, inayofanana na joho la shujaa wake. Na yeye kaandika mwenyewe kwamba kavaa nyekundu.

Tai ilikuwa kijani. Kijani kilichokolea.

Nikakumbuka kidole chake juu ya kichupa cha kijani, siku ile ya kwanza.

"Zipora?" baba akaita.

"Baba, naomba nimuulize mshenga swali moja."

Wazee wakatazamana. Shangazi akaguna. Baba akasema, "Uliza, lakini kwa ufupi."

"Mzee Gideoni, naomba umuulize kijana wako, hiyo tai aliyovaa ni ya rangi gani?"

Mzee Gideoni akaitazama tai, akanitazama mimi, akadhani labda ndiyo desturi ya Mkonze. Akainuka, akaenda mpaka mwisho wa benchi, akainamia sikio la Mazengo. Wakanong'onezana. Akarudi.

"Anasema nyekundu."

Ua mzima ukacheka. Mjomba akajipiga mapaja. Mazengo akaishika tai yake, akaigeuza huku na huku, uso umemshuka.

Nikafungua kiganja.

"Muulize tena. Huyu hapa, midomo yake ni ya rangi gani?"

Mzee Gideoni akakipokea kile kijitu kwa vidole viwili kama kapewa mdudu. Akaenda, wakanong'onezana, akarudi anakuna kichwa.

"Anasema nyekundu. Anasema kama ya kwako."

"Na nani kampaka?"

Safari hii Mazengo akashindwa kuvumilia. Akasimama, desturi na mshenga wake akaviacha palepale.

"Ni mimi, Zipo! Nimempaka mimi! Nimekesha naye siku kumi na moja. Nilichukua kichupa chako kimoja, kile chekundu, nilitaka nikuombe radhi leo. Sheria inasema mtu asijipakie shujaa wake. Lakini huyu si shujaa wangu. Huyu ni wako, nilikuwa nimemwomba Iddy amsimamishe mezani pembeni ya wangu. Nimekosea nini?"

"Kaa chini, kijana!" mzee Gideoni akafoka. "Utatuharibia!"

Nikageuka kwenye pazia. "Elieth! Hebu toka."

Akatoka polepole.

"Uliniambia wewe ndiye uliyempaka. Ukaniambia yeye ndiye aliyechagua kijani ili anicheke. Mtu asiyekijua kijani anakichaguaje?"

Elieth akarudi hatua moja. Machozi yakaanza kumtiririka.

"Mimi ndiye niliyemwona kwanza," akasema. "Siku ile anaingia saluni na kale kasanamu, mimi ndiye niliyemkaribisha kiti. Akaniuliza mpakaji ni yupi, nikakuonyesha wewe. Kila siku najiuliza kwa nini nilikuonyesha."

Nilikuwa nimemwandalia matusi ya kumtosha wiki nzima. Yaliisha yote. Alichukua mkoba wake, akapita katikati ya mabenchi bila kuaga, na sikumzuia.

"Zipora," baba akasema, ukali wake bado umemkaa usoni. "Nimekuuliza swali, hujanijibu. Sitaliuliza mara ya tatu. Unawafahamu watu hawa?"

"Nawafahamu, baba! Nawafahamu wote, mpaka na tai zao!"

Shangazi akapiga kigelegele kilichowatoa nje majirani mpaka ng'ambo ya korongo. Barua ikafunguliwa. Mzee Gideoni akajifuta jasho, akasema katika maisha yake ya ushenga hajawahi kutumwa kuuliza rangi.

Jioni, wazee wanakula ugali na mlenda, nikamvuta Mazengo nyuma ya nyumba.

"Kwa nini hukuniambia kwamba kijani na nyekundu kwako ni kitu kimoja?"

"Shuleni walinicheka mpaka nikaacha kuchora. Nikajifunza kubahatisha. Ningekwambiaje wewe, ambaye maisha yako yote ni rangi? Niliogopa utaniona nina kasoro."

"Ulitaka kunioa bila kuniambia?"

"Nilitaka nikuoe kwanza ndiyo nikwambie."

"Mjinga wewe."

"Najua. Na zile soksi ulizonisifia siku ile?"

"Moja kijani, moja nyekundu. Nilidhani ni mbwembwe."

Tukacheka mpaka tukashikilia ukuta.

Tulifunga ndoa Desemba, kanisani palepale Mkonze, mvua za kwanza zinapiga bati hadi mchungaji akawa anapaza sauti kama yuko mnadani. Kundi zima la mezani lilikuja. Iddy alileta keki, na juu yake kasimamisha shujaa mwenye joho jekundu na pembeni bibi harusi mwenye makengeza. Watu walinishauri nimpake upya kabla ya sherehe, walau midomo. Niligoma. Kazi ya mtu haiguswi.

Wiki moja kabla, Elieth alikuwa kanitumia ujumbe kutoka Singida alikohamia: "Siji harusini. Ila ukipaka kucha zako, anza na kidole gumba, huwa unakisahau." Nilianza na kidole gumba.

Tulipopiga magoti madhabahuni Mazengo alinitazama. Nilikuwa nimepaka midomo rangi nyekundu kuliko zote nilizowahi kupaka.

"Zipo," akaninong'oneza. "Leo midomo yako ni ya rangi gani?"

"Kijani," nikamjibu.

Akatabasamu kwa fahari, akanibana mkono.

"Nilijua tu."