Machicha ya Gaudensia

Kiboko wa mwisho alikutwa amekufa kando ya ziwa dogo nje ya mji wa Mbulu, mdomo wazi, povu limekauka. Hakuwa na jeraha la risasi wala la mkuki.

Inspekta Tadei alikunja uso. Manyara ilipofanywa mkoa, viwanja vilipimwa hapo haraka haraka, kisha ujenzi ukazuiwa: vilikaa juu ya njia ya kiboko kwenda malishoni. Nyumba pekee iliyokwisha kujengwa ingebomolewa. Tadei naye alikuwa na kiwanja pale, na kwa aibu yake, moyo wake ulifurahi kidogo.

Daktari wa mifugo alipasua tumbo.

"Machicha ya pombe ya ulezi," alisema, "na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kalishwa sumu huyu."

Tadei alianza na Rogathe, mfuga nguruwe wa jirani.

"Nani amechuja pombe ya ulezi wiki hii?"

"Gaudensia tu."

"Alikupa machicha?"

"Alininyima! Miaka yote nguruwe wangu wanakula kwake. Juzi nimekwenda na ndoo, akanifukuza kama mwizi. Eti yameharibika. Yanaharibikaje siku ileile ya kuchuja, afande?"

Tadei alipanda hadi kwa Gaudensia, kwenye ile nyumba pekee, yenye bati jipya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu uione kabla hawajaibomoa."

"Machicha ya juzi yako wapi?"

Gaudensia aliendelea kufagia kizingiti.

"Kwa nini ulimnyima Rogathe?"

"Ningempaje? Nguruwe wake si wangekufa!"

Gaudensia akajiziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Nakuonya, mama. Utakayosema yatakuwa ushahidi."

"Yawe. Mume wangu alifia nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akakataa maiti ilale ndani, tukakesha naye uani, mvua inanyesha. Nikaapa mimi nitafia kwangu. Nimepika pombe mpaka macho yameungua kwa moshi, nikajenga. Wakaja kusema hii ni njia ya kiboko. Nikawaza, kiboko akifa, njia itakuwa ya nani?"

Alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Alikuja taratibu kama ng'ombe wa nyumbani. Akala yote. Nililia, afande."

Aliomba afunge mlango mwenyewe, ndipo akatoa mikono kwa pingu.

Zuio liliondolewa, maana hapakuwa tena na mnyama wa kulinda. Nyumba zilishuka mpaka majini. Gaudensia yuko gerezani. Tadei alijenga, na kila jioni hupita mbele ya mlango ule wenye kufuli bila kugeuza shingo.