Mistari Mitatu na Duara

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kinya alikata majani ya ng'ombe, akachota maji, akanywa chai akiwa amesimama mlangoni, kisha akachukua simu ya marehemu babake juu ya kabati. Kioo cha simu kilikuwa na ufa, lakini kamera yake ilikuwa nzima. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye migomba na miraa ya mama, akaielekeza kwa chochote kilichokuwa hai: kipepeo, konokono juu ya jani la boga, ndege aina ya chozi akinyonya ua. Kisha aliishusha bila kubonyeza. Alirudi ndani, akaiweka juu ya kabati, akaenda shule.

Zamani hakuwa hivyo. Kijiji chao kiko karibu na Mikinduri, na watu wote pale walimjua Kinya kama yule msichana anayelala matopeni ili apige picha ya mende. Babake, Kaimenyi, ndiye aliyemwanzisha. Kaimenyi alikuwa mfugaji wa nyuki, na mtu wa nyuki, jamani, hana haraka. Alimfundisha bintiye kusimama kimya mpaka mdudu asahau kwamba pana mtu.

Mizinga yake ya magogo aliichonga mwenyewe na kuitundika popote alipopata mti mzuri, hata kwenye shamba la jirani. Hakuna aliyelalamika, maana huko mti ni wa mwenye shamba na asali ni ya mwenye mzinga. Kila mzinga aliuchonga alama kwa kisu: mistari mitatu na duara. Aliyeiona alijua huo ni wa Kaimenyi, akapita zake. Lakini nyuki walioning'inia tu kwenye tawi porini, bila mzinga wala alama, walikuwa wa yeyote aliyetangulia kuwaona. Kinya aliyajua hayo tangu utotoni.

Kaimenyi aliugua masika yalipoanza, na masika hayakwisha akiwa hai. Watu walikuja, wakaimba, wakala, wakaondoka. Kinya hakulia. Akina mama wa kanisani walimsifu kwamba ni mtoto mwenye nguvu. Nguvu gani? Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Aliambiwa ale, akala. Aliambiwa alale, akalala. Hakuwa na huzuni wala furaha, na hilo hakumwambia mtu.

Shuleni, Mwalimu Karwirwa alikuwa akiwafundisha matumizi ya intaneti. Aliwaonyesha jinsi ya kutafuta habari, jinsi ya kupima kama tovuti inaaminika, na jinsi ya kutuma barua pepe. Siku moja alifundisha hakimiliki. Alisema kwamba picha huwa na mwenyewe tangu anapoipiga, awe ameiandika jina au hajaiandika. Alisema pia kwamba wapo wanaoweka picha zao mtandaoni na kuruhusu wengine wazitumie, lakini kwa masharti, na masharti hayo lazima yasomwe.

Koome, mvulana ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alisema kutoka nyuma, "Mwalimu, asiyekuwapo na lake halipo." Darasa zima likacheka. Mwalimu alicheka pia, kisha akasema kwamba mtandaoni kila mtu yupo, hata asipoonekana. Kinya aliyasikia hayo kwa mbali, kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Wiki hiyohiyo lilitoka tangazo la maonyesho ya picha za viumbe, ambayo yangefanyika mjini Meru. Kila shule ingepeleka picha moja. Wanafunzi walianza kuleta zao. Koome alileta ya mbuzi wa nyanyake, na nusu ya mbuzi mwenyewe haikuonekana. Wote walimngoja Kinya, kwa sababu mwaka uliotangulia picha yake ilikuwa imebandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kinya hakuleta kitu. Mwalimu Karwirwa alimwita kando, akamwambia kwa upole kwamba akishindwa si neno, wao wataelewa.

Wataelewa! Tangu mazishi kila mtu alikuwa akimwelewa. Kinya alikuwa amechoka kueleweka. Mchana ule, wenzake walipokuwa uwanjani, aliketi mbele ya kompyuta ya shule na kuandika maneno mawili matatu. Picha zikajaa kwenye kioo. Mojawapo ilikuwa ya kinyonga wa pembe tatu, wa aina inayoishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Alikuwa juu ya tawi la mti wa kahawa, na tone la umande lilikuwa limeshika ncha ya pembe ya kati.

Aliitazama sana. Juu ya picha yenyewe hapakuwa na jina wala alama. Chini yake palikuwa na maandishi madogo, ambayo hakuyasoma. Alijiambia kwamba hao ni nyuki wa porini, hawana mzinga, na yeye ndiye aliyewaona. Alijua anajidanganya, lakini hata kujua huko hakukumuuma. Aliihifadhi picha ile, akaifungua kwenye programu ya kuchorea, na pembeni, bila kufikiri sana, mkono wake ukachora mistari mitatu na duara.

Ilishinda za wenzake wote. Mwalimu Karwirwa alimkumbatia, mwalimu mkuu alimpa mkono, na Koome alitangaza kwamba mbuzi wa nyanyake amestaafu. Kinya alisema asante kwa kila mmoja. Ndani yake palikuwa palepale, kimya, na alishangaa kidogo kwamba kuiba hakuna uzito wowote.

Uzito ulikuja siku ya wazazi. Picha ilikuwa imechapishwa kubwa na kubandikwa ukutani, na jina la Kinya limeandikwa chini yake. Mamake aliingia akiwa amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Alitembea mpaka ukutani, bila hata kumtazama kinyonga. Alinyoosha kidole, akaigusa ile alama pembeni: mstari, mstari, mstari, duara.

"Nilidhani alama hii tumeizika pamoja naye," alisema. Akalia palepale mbele ya watu, akitabasamu.

Mwalimu Karwirwa alimshika mama bega, na ili kumfariji alimweleza kwamba kesho yake darasa lingejifunza kutafuta picha kwa kutumia picha. Unaipa kompyuta picha, nayo inakutafutia mahali pote ilipowahi kutokea mtandaoni. Wangeanza na ya Kinya, alisema, ili watoto waone kwamba picha ambayo mtu ameipiga kwa mkono wake haipatikani kwingine kokote. Mama alifuta machozi na kusema angependa sana kuwapo.

Hapo ndipo Kinya alipohisi kitu. Hakikuwa hofu ya kesho. Alikuwa ameona kidole cha mamake kikigusa ile alama kwa heshima, na alama yenyewe ilikuwa ya uongo. Babake hakuwepo kujitetea. Kinya ndiye aliyeiweka alama ya marehemu kwenye mali ya watu.

Jioni mama alikaa jikoni akimenya maharagwe ya njahi. Alikuwa na furaha ambayo haikuwa imeonekana nyumbani kwa miezi, hata aliimba kidogo wimbo wa kwaya. Kinya alisimama mlangoni. Akinyamaza, furaha ile ingeishi mpaka kesho tu. Akisema, angeiua yeye mwenyewe, sasa hivi. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukingoni.

"Mama, kinyonga yule si wangu. Nilimtoa kwenye intaneti."

Mama aliacha kuimba. Aliendelea kumenya, ganda moja, ganda jingine. Kisha aliuliza, "Na alama?"

"Alama niliichora mimi."

Kinya alingoja kofi, au angalau kelele. Kofi lingekuwa nafuu. Mama aliweka sufuria chini, akapangusa mikono kwa kanga.

"Babako aliondoka na kuniachia shamba dogo na ng'ombe mmoja," alisema polepole. "Lakini aliniachia pia jina. Kinya, mwanangu, babako hakuwahi kuiweka alama ile kwenye mzinga ambao hakuuchonga mwenyewe. Hata mmoja. Ndiyo maana watu waliiheshimu."

Kisha aliinua sufuria, akaibandika motoni. Walikula njahi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi Kinya aliacha chakula.

Asubuhi walikwenda shuleni pamoja kabla ya kengele. Kinya ndiye aliyezungumza. Mama alikaa kando tu, mkoba mapajani. Mwalimu Karwirwa alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulionyesha wazi kwamba ameumia. Alimwambia Kinya kwamba hasira si jambo lililomshika zaidi. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amemfundisha, akadhani amesikia. Kisha alifungua kompyuta, akaipa ile picha, wakangoja wote watatu.

Haikuchukua muda. Kinyonga yuleyule alitokea, na umande wake kwenye ncha ya pembe, bila mistari mitatu wala duara. Chini yake yalikuwa yale maandishi madogo. Mwalimu alimwambia Kinya ayasome kwa sauti. Picha ilikuwa ya Elphas Muchangi wa Kanja, Embu. Aliruhusu yeyote aitumie kwa masomo, mradi ataje jina la aliyeipiga na asiibadilishe.

"Kumbe ungeitumia bila kuiba," mwalimu alisema. "Ungeandika jina lake tu, ukaifundishia darasa. Kwenye mashindano ungepeleka yako, hata ingekuwa ya nusu mbuzi."

Kinya aliandika barua pepe hapohapo. Aliandika jina lake, jina la shule, alichokifanya, na kwamba anaomba msamaha. Hakujaribu kujieleza kuhusu msiba, ingawa mwalimu alimwambia angeweza. Kisha alikwenda darasani, akasimama mbele, akawaambia wenzake maneno yaleyale. Alipomaliza hakuna aliyecheka, na Koome alitazama dawati lake kwa muda, maana alikumbuka mzaha wake. Mwalimu alisema jambo moja tu: kwamba asiyekuwapo anahitaji kulindiwa chake kuliko aliyepo. Picha ilitolewa ukutani. Mbuzi wa nyanyake Koome aliitwa kutoka kustaafu, akapelekwa maonyeshoni Meru, na hakushinda.

Jibu la Elphas Muchangi lilifika siku chache baadaye. Alieleza kwamba yeye hufanya kazi ya ofisi mjini Embu, na Jumamosi hurudi Kanja kumsaidia mamake shambani. Alimngoja kinyonga yule kwenye mti wa kahawa mpaka mgongo ukamuuma, na mamake akamdhihaki kwamba ameoa mti. Aliandika: "Nimekusamehe. Kilichoniudhi si kwamba uliipenda picha yangu, ila kwamba ulinifuta. Ukipiga yako, nitumie. Nami nitaitaja kwa jina lako."

Kinya aliisoma mara mbili, kisha akamsomea mama.

Jumamosi mama alitaka kuangalia mzinga uliokuwa kwenye mti wa muringa wa jirani yao, Mzee Muthamia. Hakuna aliyeuangalia tangu Kaimenyi alipougua, na mama aliogopa kwamba nyuki wamehama. Kinya alichukua simu bila kuambiwa. Walifika wakasimama mbali kidogo, kama walivyofundishwa. Mzinga ulikuwa umegeuka rangi ya kijivu kwa mvua, lakini alama ilionekana wazi. Na mdomoni mwake nyuki walikuwa wakiingia na kutoka, wakiingia na kutoka, wakiwa na kazi zao. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mwenyewe amefariki.

Kinya aliinua simu. Alisimama kimya mpaka mkono ukachoka, mpaka nyuki wakasahau kwamba pana mtu. Akabonyeza.

Picha haikuwa nzuri sana. Mabawa yalionekana kama ukungu, na kwa sababu ya ufa wa kioo aliipiga ikiwa imepinda kidogo upande mmoja. Lakini nyuki mmoja alionekana vizuri, amebeba chavua ya manjano miguuni, anatua kando ya duara lililochongwa na kisu cha babake. Kinya aliiangalia, na machozi yakaanza. Hayakuwa machache. Alilia kwa sauti, alilia kilio cha mazishi kilichokuwa kimechelewa miezi yote ile, na mama alimshika mpaka kikapungua.

Walipokuwa wameketi kwenye nyasi, mama aliichukua simu akaitazama picha kwa makini.

"Sikiliza," alisema. "Alama si urembo. Anayeiweka anasema: kitu hiki nimekitolea jasho, na nikiulizwa nitajibu. Ya mwenzako ukiifuta, umefuta jasho lake. Yako ukiiweka pasipo jasho lako, siku moja haitakuwa na maana hata kwenye vitu vyako halali. Kwenye mzinga ni hivyo, na kwenye hiyo intaneti yenu naona pia ni hivyo."

Kinya aliitikia kwa kichwa. Aliuliza kama picha hii ingeweza kutumwa Embu, kwa yule mtu wa Kanja. Mama alisema itumwe.

Kisha akamrudishia bintiye simu. "Hii umeichonga mwenyewe," alisema. "Sasa weka alama."