Grafu Iliyoondoka na Faili

Bi Vipimo aliishi peke yake. Mume alikwishafariki. Mwanawe alikuwa mbali, na simu alipiga kwa nadra. Kila asubuhi Bi Vipimo alikunywa chai akiwa amesimama, kisha akaenda kazini, maabara ya maji. Huko ndiko alikosalimiwa.

Siku hiyo alikuwa na kazi ya chumvi kwenye maji ya visima. Alifungua faili la vipimo kwenye kompyuta. Programu ikasoma tarakimu, naye akachora grafu. Grafu safi! Akafunga faili ili aanze ripoti. Lo! Grafu haipo.

Akachora tena. Akafunga faili. Haipo.

Mama yake alianza hivyo hivyo. Aliweka kitu akakisahau, mwisho akawasahau hata wanawe.

"Yamenifika," akajisemea. Akaamua kwenda kwa mkuu wa maabara kuomba kuacha kazi, kabla hajaharibu. Lakini nani tena angemwambia habari za asubuhi? Aliiogopa nyumba yake tupu kuliko ugonjwa wenyewe.

Fundi wa kompyuta akamkuta mlangoni.

"Shikamoo, mama. Mbona unaondoka mapema?"

"Marahaba. Kichwa changu kimekwisha, mwanangu. Nachora grafu, kisha siioni."

"Hebu nioneshe."

Akamwonesha. Fundi akacheka.

"Unacheka nini wewe?"

"Nisamehe, mama. Hujasahau kitu. Ukichora grafu faili likiwa wazi, programu hii huiambatanisha na faili hilo. Ni kama umeweka vyombo vyako kwenye nyumba ya mtu. Akifunga mlango akaenda zake, utavipata wapi?"

"Sasa nifanyeje?"

"Itenganishe kwanza na faili la vipimo. Ndipo ufunge. Kisha ihifadhi kwenye faili lake yenyewe."

Bi Vipimo akaketi. Akaandika amri ya kuitenganisha. Akafunga faili, macho kayakodoa. Grafu ikabaki pale pale! Akaihifadhi, akaifungua tena. Ipo.

Machozi yakamtoka.

"Mbona hukuniita tangu mwanzo, mama?"

"Nimepoteza mazoea ya kuita mtu."

Fundi akavuta kiti.

"Sogea basi. Ripoti tutaiandika pamoja. Na mchana usithubutu kula bila mimi."

"Wewe nakuona unavyokula," akasema Bi Vipimo, akijifuta machozi. "Utanimalizia chakula."

Ripoti ya visima ilitoka jioni ile. Kwa mkuu hakwenda.