Kunguni Katika Nyumba Safi

Mama Pacha alikuwa mtu wa usafi, na hilo mtaa mzima ulilijua. Alifagia asubuhi, akafagia mchana, na jioni akafagia tena ili sakafu isijisahau. Pacha wake wawili, wasichana, walivua viatu nje hata mvua ikinyesha. Mumewe, fundi wa makochi, alipigwa brashi mlangoni kila jioni kabla ya kukaribishwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Baada ya msimu wa mvua, mama mkwe alihamia kwao. Alikuwa mjane, macho yake yameanza kufifia, na huko kwake aliishi peke yake. Hakuwa na mtoto mwingine ila huyu fundi. Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyesema mama aje akae moja kwa moja, si kuja kutembea. Fundi akamtengenezea mama yake godoro la sponji na kulishonea kitambaa cha maua. Likawekwa kwenye chumba cha pacha, kitanda cha dirishani. Mama mkwe akawasuka wajukuu wake, akawafundisha kushona vifungo, na nyumba ikachangamka.

Lakini haikupita muda, Mama Pacha akaanza kuamka na vipele mkononi, vimejipanga mstari. Pacha nao walijikuna hadi shuleni. Asubuhi moja, alipokuwa akitandika, alimwona mdudu bapa wa rangi ya kahawia akikimbilia pindo la godoro. Alikuwa na ukubwa wa punje ya dengu.

Kunguni. Mama Pacha akakaa chini.

Tangu utotoni alijua kwamba kunguni ni wa watu wachafu. Yeye si mchafu. Basi kuna mtu amewaleta. Na ni nani aliyeingia nyumbani siku za karibuni na begi kuukuu la safari? Tena mama mkwe hakuwa na kipele hata kimoja. Mama Pacha aliwahi kusikia kwamba kunguni hawamuumi mwenye nao, kwa kuwa wanamjua. Mumewe naye hakuwa na kipele, lakini kwa hilo pia alipata jibu: yule ni damu moja na mama yake. Mtu akishaamua, ushahidi haumpi shida.

Hakumwambia mtu. Angesema nini, na yeye ndiye anayewasema wengine kwa uchafu? Alianika magodoro juani mchana kutwa. Akaacha taa ikiwaka usiku. Akahamisha pacha wakalala sebuleni, na baada ya siku chache wakaumwa huko huko. Nguo za mama mkwe akaanza kuzifua kando, kwenye beseni lake peke yake, na begi lake akalitoa likae nje, kando ya ukuta. Mama mkwe aliona yote hayo.

Vijembe vikaanza. Hakuna aliyetajwa jina. Mama Pacha alikuwa akifagia na kusema na ufagio wake, na ufagio ukavumilia. Siku moja alisema kwa sauti ya kutosha kufika chumbani, "Kweli, kikulacho ki nguoni mwako."

Jioni hiyo mama mkwe alimwambia mwanawe kwamba anataka kurudi kwake. Alisema ametembea vya kutosha. Fundi alishangaa, akamvuta mkewe pembeni, akamuuliza kuna nini. Mama Pacha akajibu kwamba labda mama amekumbuka kwake. Alijua si kweli. Alimpenda yule mama. Aliijua ile nyumba yake kule, na alijua hakuna mtu wa kumpa hata maji akiugua. Lakini alijiambia kwamba kunguni wakiondoka na mwenye nao, mengine yatajirekebisha.

Kesho yake akaamua kumalizana na vitanda kabisa. Alisikia mafuta ya taa yanaua kunguni. Kwake hayakuwepo, akaenda kwa jirani yake, matroni wa bweni la shule ya wasichana, mwanamke mnene wa kucheka haraka.

"Mafuta ya taa ya nini, na wewe unapikia gesi?" matroni akauliza.

"Kuna kazi kidogo kitandani."

Matroni alimtazama mkono wenye vipele. Akaacha kucheka.

"Kaa hapo, jirani. Ni kunguni?"

Mama Pacha alikana. Kisha akakiri. Kisha akalia, na katikati ya kilio akaeleza habari za begi na mama mkwe asiyeumwa. Matroni alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nina vitanda themanini kule bwenini," alisema. "Sakafu inapigwa deki kila siku. Na kunguni tumewapata. Kunguni hatafuti uchafu, anatafuta damu. Yako na ya mchafu kwake ni chakula kilekile. Ukiwa na vitu vingi vilivyorundikana atapata pa kujificha zaidi, hilo ni kweli, lakini nyumba safi hawaikimbii."

"Mbona mama haumwi?"

"Nani kasema haumwi? Ngozi hazifanani. Wawili wanalala kitanda kimoja, mmoja anavimba, mwenzake haonyeshi hata alama. Na mafuta ya taa usijaribu, utaichoma nyumba na watu wako ndani. Wala dawa ya shambani usipulize kwenye godoro la mtoto. Twende nikaangalie."

Alichukua tochi na kadi ngumu ya zamani. Fundi alikuwa bado hajaondoka kwenda kazini, pacha hawakuwa na shule siku hiyo, na mama mkwe alikuwa kitandani anakunja nguo zake. Matroni alisalimia, akaeleza alichokuja kufanya bila kuzunguka. Mama Pacha alitamani ardhi impokee.

"Anzeni na begi langu," mama mkwe akasema.

Matroni akalifuata nje, akalifungua. Akapitisha kadi kwenye mishono yote, akamulika kila kona. Halikuwa na kitu. Akaenda kwenye vitanda vya pacha, akaonyesha madoa madogo meusi kwenye maungio ya mbao. Hayo, alisema, ni mavi ya kunguni. Nyuma ya picha ukutani wakakuta wawili. Pacha mmoja akarudi nyuma akiogopa watamrukia. Matroni akamtuliza kwamba kunguni haruki wala hapai. Anatembea tu, na anapanda nguo, mabegi na samani kama abiria.

Kisha akageuza godoro la maua. Akafungua mshono mmoja, akamulika ndani.

Kulikuwa na mayai meupe yameshikana, magamba waliyovua, na kunguni wenyewe wakubwa kwa wadogo, wakitawanyika kuukimbia mwanga.

"Hawa hawakuhamia jana," matroni alisema. "Hii sponji imetoka wapi?"

Wote wakamtazama fundi. Fundi alikuwa na desturi moja aliyojivunia. Mteja akileta kochi kuukuu, yeye hulivua kitambaa, na sponji ya ndani ikiwa bado imara haitupi. Huileta nyumbani. Mito ya sebuleni ilitokana na sponji hizo, hata godoro la mama yake. Kuna vipande vingine alivisukuma chini ya kitanda cha pacha miezi mingi nyuma.

"Sponji za zamani zile," akajitetea. "Nene. Siku hizi huzipati."

"Na kunguni nao wamezipenda," matroni akamjibu.

Hapo Mama Pacha akakumbuka jambo. Pacha walikuwa wakijikuna tangu kabla mama mkwe hajaja. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema ni mbu. Aliona aibu, na safari hii haikuwa ya kunguni.

Akapiga magoti karibu na kitanda. "Mama, nilikushuku wewe. Nilisema maneno nikijua unayasikia. Nimekosa. Nisamehe."

Mama mkwe aliiweka mapajani nguo iliyokunjwa nusu.

"Niliiona damu kwenye shuka wiki ya kwanza," alisema. "Sikuiona vizuri, lakini harufu ya kunguni naijua tangu zamani. Nikanyamaza. Nilisema moyoni, nikiwaambia wataona nimeanza kulalamika, na mimi ni mgeni. Nikawa naifua ile shuka mwenyewe mnapotoka."

"Wewe si mgeni, mama."

"Hilo ndilo nililokuwa najiuliza."

Hakusema kwamba amesamehe. Alisema kazi ianze.

Matroni akawapanga. Kwanza, kila mtu arudi kulala kitandani kwake, kwa sababu kunguni humfuata mtu, na kuhamahama ndiko kulikowafikisha sebuleni. Taa haiwazuii, wakiwa na njaa watauma hata mchana. Jua la kuanikia nalo peke yake halitoshi, kwa kuwa hujificha upande wa kivuli. Kuihama nyumba wiki mbili tatu hakusaidii pia, maana kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Mama Pacha aliuliza kuhusu magonjwa. Matroni alijibu kwamba wataalamu hawajathibitisha kwamba kunguni akiuma humwambukiza mtu ugonjwa, ila ananyima usingizi, na mtoto akijikuna sana anaweza kupata vidonda.

Wakachemsha maji. Mashuka, mapazia na nguo vikafuliwa kwa maji ya moto, vikakaushwa, vikapigwa pasi ya moto kwenye mishono. Vitanda vilifunguliwa vipande vipande, fundi akamwaga maji yanayochemka kwenye maungio. Magodoro yakasuguliwa kwa brashi ngumu kila pindo. Nyufa za ukuta zikazibwa, na vitanda vikasogezwa mbali na ukuta. Sponji zote kuukuu, pamoja na godoro la maua, zilifungwa kwenye mifuko ya plastiki hapo hapo chumbani, kisha zikachanwachanwa na kupelekwa jalalani ili asiziokote mtu mwingine. Fundi alizisindikiza kwa huzuni.

Kwa kuwa kunguni walikuwa wengi, matroni alimwita mtu wa idara ya afya aliyewahi kuwahudumia bwenini. Huyo alikuja na dawa iliyoruhusiwa kutumika ndani ya nyumba. Familia ilikaa nje mpaka dawa ikakauka. Aliwaonya kwamba mayai huweza kunusurika, hivyo baada ya wiki mbili atarudi, na wao warudie kufua na kukagua. Wengi, alisema, hushindwa hapo. Wakiona kimya wanadhani vita imeisha.

Mama Pacha hakushindwa. Kila Jumamosi alipita na tochi kwenye mishono. Mama mkwe alikaa naye, akishika kitambaa huku mwenzake akimulika, na taratibu mazungumzo yao yakarudi. Fundi naye alianza kukagua kila kochi nje ya karakana kabla ya kuligusa, na sponji kuukuu hazikurudi tena nyumbani. Mama yake akapata godoro jipya la dukani.

Vipele vilikoma. Ukaguzi baada ya ukaguzi, hawakuona doa. Mama Pacha aliwaeleza majirani wawili yaliyompata, kwa sauti ya kawaida, na mmoja wao akakiri kwamba naye anasumbuka kimyakimya.

Asubuhi moja mama mkwe aliazima simu. Alimpigia mpwa wake, aliyekuwa akiangalia nyumba yake kule. Mama Pacha alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, na mlango ulikuwa wazi.

"Hamia humo na watoto wako," mama mkwe alikuwa akisema. "Vyombo tumia vyote. Hapana, sirudi. Mimi niko kwangu."

Mama Pacha alilia, na safari hii hakuvisingizia vitunguu.